Historia ya Zanzibar haiishii Darajani

Wiki iliyopita familia moja kutoka Bara, baada ya siku mbili za kuzunguka nami vichochoro vya Mji Mkongwe, iliniambia: "Kaka, ahsante sana. Historia tumeshaimaliza, sasa tupeleke ufukweni." Walisema kwa wema kabisa. Lakini maneno hayo nimeyasikia mno katika kazi hii ya kutembeza wageni, na kila nikiyasikia yananiuma.

Dhana: Historia yote imo Mji Mkongwe. Ukipanda daladala unaiacha nyuma.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na unastahili. Ila sikiliza jina la Darajani. Palikuwa na daraja hasa, juu ya mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo. Maji yamefukiwa, daraja halipo, majina yamebaki. Ukivuka barabara pale sokoni unatembea juu ya mpaka wa zamani. Upande wa pili waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliotoka utumwani, yaani mikono iliyoubeba mji ule unaoupiga picha. Endelea kidogo utaona majumba marefu ya Michenzani, "treni" kwa lugha yetu, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa azma ya Mzee Karume ya kuwatoa watu kwenye vibanda. Hiyo si historia?

Sasa panda daladala namba 502 ya Bububu. Kama gari ina viti vya kutazama mbele, kaa kushoto. Kama ni ya mabenchi ya kutazamana, kaa kulia ili uso uelekee baharini. Nasisitiza hili kwa kila mteja, maana karibu kila kitu kiko upande huo.

Kwanza ni Maruhubi, kasri la Sultan Seyyid Barghash la mwanzoni mwa miaka ya 1880, lililoungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene zilizobeba roshani, pamoja na hamamu, yaani nyumba ya kuogea. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri la baba yake, Sultan Seyyid Said. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, yule aliyekuja kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani akaitwa Emily Ruete. Kisha Beit el Ras, ambako Seyyid Said alianza kasri jingine akafariki mwaka 1856 halijakwisha. Siku hizi wanaoshuka hapo wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Kibweni nako kuna kasri la enzi ya Sultan Khalifa bin Haroub. Konda anapoita vituo hivyo kimoja kimoja, anakutajia makasri ya ukoo mmoja kwa nauli ambayo haifikii bei ya soda hotelini kwako.

Ukifika Bububu utaambiwa, na hata baadhi ya wenzangu husema, kwamba jina limetokana na mlio wa treni: bu-bu-bu. Ni kweli reli ilikuwepo, kutoka mjini hadi hapo, maili 7, na ilianza kazi mwaka 1905. Lakini Salme anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Treni haiwezi kuupa mji jina karibu miaka 20 kabla haijafika! Maelezo ya wanaosema ni mlio wa maji ya chemchemi yana uzito zaidi, kwa sababu upande huo una chemchemi nyingi, na maji yake yamenywewa mjini tangu enzi ya Barghash. Nawaomba wenzangu tuache kuwapa wageni hadithi ya treni.

Kutoka Bububu, chukua bodaboda kwa njia inayokata kulia kuelekea bara, mpaka Kidichi. Hapo pana hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, yenye nakshi za maua na ndege kwenye chokaa. Asubuhi unaweza kuikuta tupu, wewe na mlinzi tu.

Dhana: Daladala si ya wageni.

Ni ya anayelipa nauli. Ingia na salamu, vaa vazi la kufunika mabega na magoti, uwe na noti ndogo. Pakiwa na mzee au mama mwenye mtoto, mpishe. Mengine abiria watakusaidia wenyewe, na mara nyingi watajibishana pale pale ushuke wapi.

Dhana: Namba ya gari inatosha.

Namba hukupa mwelekeo tu: zinazoanza na 5 ni za mjini, 1 ni kaskazini, 3 ni kusini. Stendi huhamishwa na njia hubadilika. Taja kwa konda unakokwenda, si namba uliyoisoma kwenye simu.

Dhana: Kizimkazi ni ya pomboo, na lazima ukodi gari.

Gari za shamba zinafika Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, kila siku. Shuka Dimbani. Utaona msikiti wa paa la bati na utashawishika kupita. Usipite! Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, karibu miaka 600 kabla ya Waomani kujenga Ngome Kongwe wanayopanga foleni watu kule Forodhani. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, lakini ukuta ule wa kibla ni wa kale. Bado watu wanasali humo, kwa hiyo omba ruhusa, vua viatu, na usiende wakati wa sala. Gari za kurudi mjini huanza kuadimika alasiri. Kabla hujashuka, muulize konda ya mwisho inapita saa ngapi.