Kabla Hujanunua Giaboksi Nyingine

“Fundi, giaboksi ninayo kwenye buti. Wewe nifungie tu.”

Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, hata siku hizi sijibu. Naomba funguo, nafungua boneti, navuta dipstiki. Mwenye gari anabaki kunitazama kama mgonjwa aliyekuja kuchomwa sindano akaambiwa apimwe joto kwanza. Ugonjwa ameshaujua, dawa ameshanunua, kwangu anatafuta mikono tu. Gari lina miaka ishirini, gia imeanza kuchelewa au kushtuka, jirani kasema “hiyo giaboksi imekufa”, basi. Neno la jirani limeshinda kipimo.

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba otomatiki ikianza vituko, ubovu lazima uwe ndani ya giaboksi. Giaboksi ni mpokea amri. Haijui gari linakwenda kasi gani wala umekanyaga mafuta kiasi gani mpaka iambiwe. Kwenye magari ya zamani kabisa iliambiwa kwa presha: gavana ilileta habari za kasi, kebo ya throto au modyuleta ya vakyumu ikaleta habari za mguu wako. Yaliyofuata yana sensa zinazopeleka habari kwenye kompyuta, nayo kompyuta ndiyo inayofungua na kufunga solenoidi, yaani valvu za umeme zinazoelekeza oili ya kubadilisha gia. Mleta habari akidanganya, giaboksi nzima kabisa itabadilisha gia ovyo, na hiyo uliyobeba kwenye buti itadanganywa vilevile.

Niliwahi kuletewa gari lenye giaboksi ya tatu. Mbili za mwanzo zilishushwa kwa kosa lilelile: mwendo wa wastani, mguu umetulia, inapanda gia ya nne, inarudi ya tatu, inapanda tena. Nilichomeka mita kwenye sensa ya throto, ile inayoiambia kompyuta umekanyaga mafuta kiasi gani, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, nikasukuma pedali polepole kwa mkono. Volti zilianza karibu na nusu volti, zikapanda vizuri, zilipofika katikati zikaanguka ghafla, kisha zikarudi. Pale katikati ndipo mguu wa dereva unapokaa siku nzima, na ndipo njia ya kaboni ndani ya sensa ilipokuwa imelika. Kila volti zilipoanguka kompyuta iliamini dereva ameachia mafuta, ikapandisha gia. Ziliporudi iliamini amekanyaga, ikashusha. Sensa yenyewe inaenea kiganjani. Maneno niliyoambiana na mwenye gari kuhusu zile giaboksi mbili hayafai kuandikwa.

Kwa kazi hii tumia mita ya mshale. Ya namba huchelewa, na lile anguko la nukta moja itakuruka bila kukuonyesha.

Kwa hiyo mimi huanzia nje, na cha kwanza ni oili. Wengi hawajui hata kuipima. Magari mengi yanataka oili iwe moto, gari limesimama pa sawa, injini inaunguruma, na gia umeipitisha taratibu kila sehemu kisha ukairudisha P. Honda nyingi zinataka kinyume: injini ipate moto, izimwe, upime ndani ya dakika moja hivi. Mengine hayana dipstiki kabisa, hupimwa kwa plagi ya chini oili ikiwa kwenye joto maalumu. Soma kitabu cha gari lako kabla ya kubishana nami. Oili ikipungua, pampu inanyonya hewa, gia inachelewa kuingia na inateleza, hasa kwenye kona na mlimani. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha, kwa hiyo gari litateleza vilevile. Hapo mwenye gari anadhani imepungua, anaongeza lita nyingine.

Baada ya oili naiangalia kebo ya throto, kwa magari yaliyo nayo. Kwenye giaboksi nyingi za namna hiyo, kebo ikikazwa kupita kiasi gia huchelewa kupanda na hupiga kishindo. Ikilegea hupanda mapema na kwa ulaini mtamu sana, na huo ndio unaonitia hofu. Ulaini huo maana yake presha ni ndogo na klachi zinateleza kabla ya kushika. Watu wameunguza giaboksi nzima wakisifia jinsi gari lao “linavyobadilisha kama siagi”.

Kishindo kinachotokea ukiweka R au D gari likiwa limesimama, nitafungua boneti nimwombe mtu abadilishe gia huku breki imekanyagwa. Injini ikiruka, tatizo ni mauntingi, zile raba zinazoishikilia.

Halafu kuna “gia ya nne imepotea”. Angalia dashibodi kwanza. Taa ya O/D OFF, yaani ovadraivu (gia ya nne) imezimwa, ikiwaka tuli, kitufe kimebonyezwa na goti au mtoto, bonyeza tena uende zako. Ikipepesa, kwenye Toyota nyingi za zamani, hapo kompyuta imeona hitilafu. Kama haiwaki kabisa, uliza joto la injini. Kompyuta nyingi hazitoi gia ya nne wala hazifungi lokapu ya toki konveta, klachi inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja badala ya kupitia oili, mpaka maji yapate moto. Themostati iliyokwama wazi inaweka injini baridi safari nzima, na gari linatembea na gia tatu likisubiri joto lisilofika. Swichi ya taa za breki iliyokwama nayo inaleta kisa kinachofanana: kompyuta inaamini umekanyaga breki muda wote, lokapu haifungi, mizunguko inabaki juu. Betri dhaifu na waya wa athi uliooza sina haja ya kuvieleza. Vipime tu.

Na mtetemo wa mwendo wa wastani, ule wa kama unapita juu ya matuta madogomadogo? Unaweza kuwa lokapu inayoteleza. Pia unaweza kuwa injini inamisi kwa sababu ya plagi au koili, maana lokapu ikishafunga hakuna oili ya kumeza mtikisiko, kila misi unaisikia kwenye kiti. Ukiwa katikati ya mtetemo, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta, lokapu ifunguke. Barabara iwe tupu, tafadhali. Mtetemo ukikatika, umejua kuwa lokapu inahusika. Bado hujajua kama ni yenyewe au ni injini, kwa hiyo plagi zitoke zikaguliwe.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinahitaji mikono tu. Zima injini, chomoa soketi ya waya za solenoidi. Giaboksi nyingi za Toyota za gia nne zikikosa umeme zinakupa gia kwa mkono: L ni ya kwanza, 2 ni ya tatu, D ni ya nne. Endesha. Kila gia ikishika bila kuteleza, klachi na presha viko hai, na ubovu umebaki kwenye waya, sensa, solenoidi au kompyuta. Solenoidi za kubadilishia gia za enzi hizo husoma om 11 hadi 15. Ukimaliza rudisha soketi, futa kodi (namba za hitilafu kwenye kompyuta) ulizozisababisha mwenyewe. Dakika kumi zinaokoa siku mbili za kushusha giaboksi, na bado naona mafundi wenzangu wanakimbilia jeki.

Sisemi giaboksi hazifi. Ukikanyaga, mizunguko ikapanda na gari lisiongeze mwendo, oili ikiwa sawa lakini nyeusi na inanuka kuungua, na sampu, bakuli la oili la chini, ikishushwa ina vipande vya chuma, hapo klachi zimekwenda. Acha kuliendesha. Pia kuna sili zilizokauka: Toyota kwenye vitabu vyake vya zamani hutaka gia ishike ndani ya sekunde 1.2 ukitoka N kwenda D, na 1.5 kwenda R. Gari linalochukua sekunde nne asubuhi, oili ikiwa kwenye kipimo chake, lina jambo la ndani. Lakini hilo nalisema baada ya geji ya presha.

“Skana haijaonyesha kitu.” Skana inasoma umeme. Klachi iliyolika, sili iliyokauka na kebo iliyolegea havina waya wa kupeleka taarifa. Na ikionyesha kodi P0700, hiyo ni kengele tu, inakuambia kompyuta ya giaboksi ina kodi yake ya kusomwa. P0750 inataja solenoidi ya kwanza ya kubadilishia gia, ila mara nyingi aliyeugua ni waya wake. Kwa Toyota za kabla ya OBD-II, mfumo wa soketi ya skana wa magari ya baadaye, usiniletee skana kabisa: unganisha tundu za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, washa swichi, uhesabu taa ya O/D OFF inavyopepesa.

“Usibadilishe oili ya zamani, itaua giaboksi.” Anayelisema hili kwa kawaida alibadilisha oili baada ya gia kuanza kuteleza, au alisukumiwa oili kwa mashine ya presha ikazibua uchafu ukaenda kwenye valvu bodi, sehemu yenye njia na valvu za oili, au aliwekewa aina isiyo yake. Mimi namwaga, nabadilisha filta, najaza kiasi kilekile kilichotoka, narudia baada ya muda. Oili “ya maisha” sijaiona. Joto linaichosha tu.

“ATF ni ATF, zote nyekundu.” ATF ndiyo oili ya giaboksi ya otomatiki, na wekundu ni rangi iliyotiwa. Oili hii inaamua klachi zishike kwa msuguano gani, ndiyo maana mpaka miaka ya mwanzo ya 1970 watengenezaji walikuwa wanaitia mafuta ya nyangumi: walihitaji tabia fulani ya msuguano na hawakuipata kirahisi kwingine. Weka iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye dipstiki. Na CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake peke yake. Dawa za chupa ndogo zinazouzwa kwa ajili ya kuteleza, nyingi kazi yake ni kuvimbisha sili. Zinakununulia wiki chache, na mimi zinaniharibia dalili.

“Toa terminali ya betri, itajiseti.” Itasahau. Kodi nilizohitaji kuzisoma zitafutika, na kama kompyuta yako hujifunza, marekebisho yote iliyoyafanya kufidia klachi zilizolika yatapotea, gia zishtuke zaidi kwa siku kadhaa.

Ukija kwangu, acha betri, acha dawa, njoo na karatasi: mwendo gani, gia gani, mguu umekanyaga kiasi gani, injini moto au baridi. Kama tatizo ni la asubuhi tu, lilete gari jioni liniachie lilale, na mtu yeyote asiliwashe kabla sijafika.