Je, Wajua kwa Nini Kitabu cha Mwisho cha Mfululizo wa Fantasia Huwa Kinene Kuliko cha Kwanza?

Vipange vitabu vya mfululizo mmoja wa riwaya za fantasia za vijana kwenye rafu, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na mara nyingi utaona unene wake ukipanda kama ngazi. Cha kwanza hushikika kwa mkono mmoja hata ukiwa umelala chali, ilhali cha mwisho hudai meza. Toleo la kwanza la Uingereza la kitabu kilichofungua mfululizo wa Harry Potter, lililotoka mwaka 1997, lilikuwa na kurasa 223. Kitabu cha saba, kilichoufunga mfululizo huo Julai 2007, kilikuwa na kurasa 607. Msomaji aliyekisubiri kwa miaka miwili ana haki ya kujiuliza iwapo mwandishi alikuwa kweli na mengi zaidi ya kusimulia, au alikuwa tu amefikia hadhi ambayo hakuna mhariri anayethubutu kumwambia apunguze.

Dhana hiyo ya pili si ya kupuuzwa. Mwandishi asiyejulikana hupewa nafasi ndogo, kwa kuwa kila ukurasa ni gharama na mchapishaji hajui kama kuna atakayenunua. Kitabu kile cha mwaka 1997 kilianza kwa nakala 500 tu zenye jalada gumu, ilhali kile cha mwaka 2007 kilichapwa nakala milioni 12 kwa mkupuo wa kwanza nchini Marekani pekee, na kwa idadi kama hiyo hakuna mchapishaji anayelalamikia karatasi. Hata hivyo, kama umaarufu ungekuwa ndio sababu yote, kitabu cha mwisho kingekuwa kinene kuliko vyote, na sivyo ilivyo: kinachoongoza katika mfululizo huo ni cha tano, cha mwaka 2003, chenye kurasa 766. Umaarufu humpa mwandishi ruhusa ya kurefusha, lakini jambo la kurefushia hulazimika kutoka ndani ya hadithi yenyewe.

Jambo hilo ni deni. Upanga usiojulikana aliyeufua, baba anayesemekana amekufa ingawa hakuna aliyeiona maiti, utabiri ambao nusu yake imefichwa: kila kitu cha namna hii ni mkopo ambao mwandishi anauchukua kutoka kwa msomaji, na riba yake ni taharuki. Kitabu cha kwanza hukopa bila wasiwasi, navyo vya katikati hulipa kidogo na kukopa zaidi. Dawa ya deni ni kulipa, na anayeandika kitabu cha mwisho hana tena mahali pa kulisogezea. Fantasia huelemewa zaidi kwa sababu hata kanuni za ulimwengu wake ni sehemu ya mkopo huo. Katika riwaya ya maisha ya kawaida hakuna anayetaka kuelezwa kwa nini moto unaunguza, lakini uchawi una masharti yaliyotajwa tangu mwanzo, na shujaa akishinda kwa nguvu ambayo haijawahi kutajwa, msomaji hujiona ametapeliwa. Hivyo mwandishi hulazimika kutumia sura nzima kuonyesha kwamba ushindi umetokana na mambo ambayo tulikuwa tumeshayasoma, tukayapita bila kuyatilia maanani.

Hesabu nayo haimhurumii. Wahusika watano wanaweza kuwa na mahusiano kumi ya watu wawili wawili, yawe ya urafiki, chuki, wivu au siri. Wahusika wakifika ishirini, mahusiano hayo huwa 190. Si yote yanayohitaji kufungwa, lakini hata robo yake ni mzigo. Tena ifikapo vita ya mwisho wahusika huwa wametawanyika, mmoja gerezani, mwingine baharini, wa tatu kwenye lango la adui, na usiku uleule mmoja husimuliwa mara tatu kutoka mahali patatu. Ndiyo maana Christopher Paolini, ambaye mfululizo wake kuhusu mpanda joka Eragon ulikuwa umepangwa kuwa wa vitabu vitatu, alitangaza mwaka 2007 kwamba vingekuwa vinne, na cha nne kikatoka mwaka 2011. Deni lilikuwa kubwa mno kulipwa kwa mkupuo.

Hadithi za Narnia, za C. S. Lewis, hazikufikwa na hayo. Kitabu chake cha saba, cha mwaka 1956, ni chembamba kama ndugu zake, kwa kuwa karibu kila kimoja kilifunga hesabu zake chenyewe.

Baada ya kilele bado zinabaki kurasa za kuagana, ambazo wasomaji wengi huzikimbilia na wakosoaji wengi huziona za ziada. Mimi huzitumia kukipima kitabu kizima. Shujaa wa fantasia ya vijana huanza akiwa mtoto na kumaliza akiwa mtu mzima, na msomaji wake hukua pamoja naye: aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1997 alikuwa na ishirini mwaka 2007. Lazima paonyeshwe nani amezikwa, na nani amerudi nyumbani akakuta mlango ambao zamani aliuona mrefu sasa unamlazimu kuinama. Kurasa hizo hazina taharuki yoyote, na pengine ndiyo sababu msomaji aliyemaliza kurasa mia tano kwa siku mbili hujikuta akizisoma thelathini za mwisho kwa wiki nzima.

Wakati mwingine deni halionekani mpaka daftari limeshafungwa. Ursula K. Le Guin aliandika vitabu vitatu vya visiwa vya Earthsea kati ya mwaka 1968 na 1972, na kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa mfululizo uliokamilika. Mwaka 1990 alitoa cha nne, kikiwa kimetambulishwa kwamba ndicho kitabu cha mwisho cha Earthsea. Mwaka 2001 vikafuata vingine viwili. Katika vitabu vile vya awali, shule ya uchawi ya kisiwa cha Roke ilikuwa ya wanaume peke yao, na hakuna mhusika aliyeuliza sababu. Zaidi ya miaka thelathini baada ya kitabu cha kwanza, moja ya hadithi za mwaka 2001 ilieleza kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa walioianzisha.