Jina la mboga ni sehemu ya kifungashio chake

Supamaketi za Nairobi zinauza majani ya kijani kilichokolea kwenye pakiti iliyoandikwa "managu". Vuka Namanga uje Arusha, mboga hiyohiyo ni mnavu. Teremka hadi Dar es Salaam, wengi watakwambia mnafu. Wajaluo wanaiita osuga, Wakisii rinagu. Kwa wataalamu wa mimea ni Solanum scabrum ikiwa ya majani mapana, au Solanum villosum ikiwa ile ya majani madogo. Mtu anaweza kuwa amekula mboga hii tangu utotoni, akaikuta kwenye rafu ya mji mwingine, akaipita.

Kazi yangu ni mazao baada ya kuvunwa: kuyapokea kutoka kwa vikundi vya wakulima, kuyapoza, kuyapanga, kuyafungasha na kuyafikisha dukani yakiwa bado na uhai. Watu wa kazi hii tunazungumza sana habari za mifuko, matundu na ubaridi, na ni haki yetu, maana huko ndiko fedha ya mkulima inakopotelea. Lakini jina tunamwachia mchapishaji wa lebo amalizane nalo mwenyewe. Mimi nashikilia kwamba jina ni sehemu ya kifungashio sawasawa na tundu la hewa. Likikosewa, mboga inakaa rafuni bila kuchukuliwa, na mboga ya majani isiyochukuliwa leo, kesho ni ya kutupwa.

Sokoni jina halina kazi kubwa hivyo. Mteja anasimama mbele ya meza, anainua fungu, analinusa, anavunja kikonyo aone kama bado kina maji, kisha anauliza: "Mama, hii ndiyo ile chungu?" Mama anajibu, na mara nyingi anaongeza namna ya kuipika bila kuombwa. Ukiitia mboga ileile kwenye plastiki na kuipandisha rafuni, umeondoa mkono, pua na mama kwa mpigo mmoja. Yamebaki macho na maandishi. Kwa hiyo lebo ndogo kama kiganja inatakiwa ifanye kazi ya wote watatu, na nyingi ninazoziona zina neno moja, bei na uzito.

Neno moja linaponza kweli. Chukua osuga na saga. Masikioni yanakaribiana, na mtu asiyetoka Nyanza atadhani ni mboga moja yenye matamshi mawili. Sivyo. Osuga ya Wajaluo ndiyo mnavu. Saga, au chinsaga ya Wakisii, ni mgagani, Cleome gynandra, ile yenye vijani vitano vilivyotandazwa kama vidole na harufu kali inayojitambulisha hata kabla ya kufungua pakiti. Wajaluo hao hao mgagani wanauita dek. Mapishi nayo ni mbalimbali: mgagani una uchungu wake, wenyeji huuchemsha, wakautia maziwa au krimu na kuuacha utulie hata usiku mzima ndipo uliwe. Anayeununua akidhani ni mnavu, akaukaanga kwa kitunguu na nyanya dakika chache tu, atakula uchungu mtupu, na pakiti ile hatairudia.

Mlenda una shida ya aina nyingine. Kenya magharibi wanaposema mrenda au murere wanamaanisha Corchorus olitorius, ile Wamisri wanayoiita mulukhiya. Tanzania, mlenda ni jina la utelezi kuliko la mmea: mimea kadhaa ya pori na ya shamba inaingia humo, na Dodoma na Singida unga wa majani makavu nao ni mlenda. Mbichi unahitaji ubaridi na mfuko unaopumua. Unga unahitaji mfuko usiopitisha hewa wala unyevu kabisa. Mtu wa ghala akisoma "mlenda" peke yake kwenye karatasi ya oda, hajui aandae kifungashio gani.

Kisha kuna majina ambayo mteja haoni sababu ya kuyauliza kwa sababu anaamini anayajua. Bara, hoho ni pilipili kubwa isiyowasha. Zanzibar hiyo ni pilipili boga, na pilipili hoho katika Kiswahili cha zamani na cha visiwani ni ile inayowasha. Mkenya akija Tanzania akatafuta "ndengu" akachukua pakiti ya dengu, nyumbani atakuta zile punje nene, kubwa. Alizokuwa anazitaka, ndogo za kijani, hapa ni choroko, na Mombasa ni pojo. Anayetaka mbatata Unguja anataka viazi vya kukaangia chipsi, lakini ng'ambo ya mpaka kule Malawi mbatata ni viazi vitamu. Nyanya za Zanzibar ni tungule. Kotmiri, giligilani na dania ni jani moja. Kunde kwa mteja wa Nairobi ni mboga ya majani kwanza, kwa mteja wa Dar es Salaam ni punje kwanza; andika "kunde" juu ya mfuko usioonyesha ndani, na mmoja wao atarudi kulalamika.

Wengi hukimbilia Kiingereza wakidhani ndicho kitaondoa utata. Kinauongeza. Mboga tunayoiita spinachi, yenye jani pana linalong'aa na kikonyo kinene cheupe, kwa sehemu kubwa ni Beta vulgaris, ndugu wa bitiruti, siyo Spinacia oleracea ya Ulaya. Juu ya hapo, kamusi nyingi zimeutafsiri mchicha kuwa spinachi vilevile, ingawa mchicha ni Amaranthus, mmea mwingine, japo zote tatu ni za familia moja. Mnavu nao, ukiandikwa kwa Kiingereza, unapewa jina linalomtisha Mzungu, nightshade, kwa sababu lugha yake inauweka jina moja na Atropa belladonna, mmea wenye sumu kali. Muuzaji anayetaka kuwauzia watu wa nje afikirie jambo hili kabla hajachapa lebo maelfu.

Sasa niseme kuhusu mfuko wenyewe, maana hapo ndipo nashinda kutwa. Jani lililovunwa linaendelea kuhema: linakula sukari yake, linatoa joto, maji na hewa ya ukaa. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kuhema huongezeka mara mbili hadi tatu. Ndiyo maana mchicha uliovunwa saa sita mchana ukafungwa papo hapo kwenye mfuko usio na matundu unajipika wenyewe. Tunavuna alfajiri, tunaweka kivulini, tunapoza kwa maji safi au kwenye kibanda cha mkaa, ambacho kuta zake za waya na mkaa huloweshwa ili upepo unaopita upoe. Mboga ikishapoa, ndipo ifungwe. Ukifunga ya moto halafu ukaipeleka kwenye ubaridi, mvuke unapoa ndani ya plastiki na kuwa matone.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe dukani. Inua pakiti uitazame dhidi ya taa. Ukungu mwepesi si neno. Ukiona matone makubwa yametiririka na kukusanyika pembeni, na jani lililogusana nayo limeanza kuwa jeusi na laini, bakteria wameshaanza kula. Geuza pakiti utazame ncha za vikonyo: nyeupe au kijani hafifu ni za karibuni, kahawia zimekaa. Kama mafungu yamefungwa kwa mpira, angalia pale ulipobana, kwa sababu kuoza huanzia hapo. Matundu madogo kwenye mfuko yanatoa mvuke uliozidi bila kuacha majani yanyauke, ila mboga haziwi na kipimo kimoja. Mbaazi mbichi, bamia na mahindi mabichi huhema kwa nguvu. Kitunguu maji huhema kidogo na kinataka ukavu, kwa hiyo wavu unakifaa kuliko plastiki. Viazi mviringo kwenye mfuko unaopenya mwanga chini ya taa za duka hugeuka kijani, na pamoja na ukijani huo solanini huongezeka, sumu inayotia uchungu. Na si kila kitu kinapenda baridi kali: nyanya, bilingani na tango vikishuka chini sana ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa vinapata madoa na kupoteza ladha, wakati majani ya kabichi na sukuma wiki yanastahimili hadi karibu na sifuri.

Plastiki inajadiliwa sana tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwetu, vifungashio vya mazao ya kilimo havikuguswa na katazo lile. Naunga mkono katazo, na naamini mboga nyingi tunazozifunga zingeuzwa vizuri zaidi zikiwa wazi, zikinyunyiziwa maji. Ila sukuma wiki iliyokwisha kukatwakatwa haiwezi kukaa wazi. Ina majeraha kila upande.

Turudi kwenye lebo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinafuata kile cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, cha mwaka 1985: jina la chakula lionyeshe asili yake halisi na liwe mahususi. Maneno hayo nayapenda, lakini hayasemi mahususi kwa nani, wa Kisumu au wa Tanga. Barkodi nayo haisaidii kama watu wanavyodhani. Tarakimu tatu za mwanzo zikiwa 620, zinasema mwenye namba amesajiliwa Tanzania; zikiwa 616, Kenya. Hazisemi mboga ililimwa wapi. Nina imani zaidi na namba za vibandiko vya matunda zinazotumika kimataifa tangu 1990, kwa kuwa namba inataja tunda lenyewe: 4011 ni ndizi za manjano popote ziitwavyo vingine. Bahati mbaya, mboga zetu nyingi za asili hazina mahali pa kutosha kwenye mfumo huo.

Kwa hiyo vikundi ninavyofanya navyo kazi nawashauri hivi. Jina kubwa liwe la mahali mboga inapouzwa, si inapolimwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, majina mawili au matatu ya majirani. Jina la Kilatini liwepo pia, ingawa peke yake halitoshi: Amaranthus ni jamii yenye spishi nyingi, na mteja anachotaka kujua ni kama mchicha wenyewe ni wa majani mapana au membamba. Halafu mstari mmoja wa mapishi ulioandikwa na mtu anayeipika mboga hiyo kwake. Wapo wanaoniambia lebo itajaa. Basi picha ya shamba lenye jua linalochomoza iondoke, nafasi itapatikana, na mteja aone majani yenyewe.

Waliolielewa hili mapema kuliko sisi ni wafanyabiashara wanaouza kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa kwa Waafrika walioko Ulaya. Kwenye maduka ya Matonge, Brussels, mfuko mmoja unaweza kubeba saka-saka, pondu na isombe pamoja, kwa sababu mtu wa Kinshasa na mtu wa Bujumbura wanafungua friji moja, na wa Bukavu anayetafuta sombe yake naye anajikuta humo. Sisi tunauza Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, miji ambayo watu wake wametoka kila pembe, tukiandika kana kwamba wote ni wa kijiji kimoja. Kwenye kisamvu mstari wa mapishi ni lazima zaidi, kwa kuwa majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi ambayo hupungua kwa kutwanga na kuchemsha vizuri. Anayejua kisamvu hahitaji kuambiwa, lakini rafuni pakiti inashikwa pia na asiyekijua, aliyevutiwa na ukijani wake. Kwa hiyo "twanga, chemsha vizuri, usile kibichi" iandikwe mbele chini ya jina, kwa herufi zinazosomeka, na kibandiko kisizibe matundu.