Mama Mcha Mungu Hapumziki? Dhana Potofu na Ukweli

"Ukisema umechoka, hiyo ni roho ya uvivu."

Hapa Kigoma mama anayesifiwa kanisani ni yule aliyewahi mwaloni Kibirizi (ufukweni panaposhushwa samaki) alfajiri, akaanika dagaa, akapika, jioni akaenda mazoezi ya kwaya, na mkesha wa Ijumaa hakukosa. Akilalamika mgongo, anaombewa.

Ukweli ni kwamba kupumzika kumewekwa ndani ya Amri Kumi, pamoja na usiue na usiibe. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Na Yesu mwenyewe, Marko 4, alilala shetrini, nyuma ya chombo, dhoruba ikivuma, na anayeyajua mawimbi ya Ziwa Tanganyika anaelewa kwamba huo haukuwa usingizi wa mtu aliyejinyoosha tu. Alikuwa amechoka.

Wavuvi wetu hili wanalijua bila mahubiri. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inabaki nchi kavu na watu wanashona nyavu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kabisa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Tulikubali kwamba ziwa linahitaji nafasi ya kupumua. (Mwenye mkopo wa kikundi hakupumzika miezi hiyo, tusidanganyane. Kukaa bila kipato si mapumziko.)

"Nyumbani kwetu Jumapili tunapumzika."

Nani anapumzika? Kumbukumbu la Torati 5:14 inataja mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, hata mgeni. Sasa angalia binti wa kazi: ninyi mmetoka ibadani mmekaa sebuleni, yeye anachambua mchele wa wageni wanane. Hapo kilichofanyika ni kumhamishia uchovu mwenye sauti ndogo kuliko wote. Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, maana inavaa nguo za ibada. Maharage yanaweza kuchemshwa Jumamosi, na wageni wanaweza kula ugali na migebuka, samaki wa ziwani kwetu, bila kufa.

"Kumpa mtoto kazi ni kumtesa."

Wengine wanaenda upande wa pili: kijana wa miaka 12 anasubiri dada yake ampakulie, na soksi zake anafuliwa. Huyo hajapendwa zaidi, amecheleweshwa tu. Mtoto wa miaka 5 anaweza kukunja nguo zake, wa miaka 8 akaosha vyombo, wa miaka 12 akapika ugali mtu mzima akiwa karibu, awe wa kike au wa kiume. Mwanzoni vyombo vitabaki na mafuta ya mawese. Usivirudie kuosha nyuma yake. Mwonyeshe, avirudie mwenyewe.

Mpaka lakini upo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Kumpeleka mtoto ziwani usiku akavue, kesho asinzie darasani, usikuite kumfundisha kujitegemea.

"Mzazi mwema hamwachi mtoto atoke machoni pake."

Soma Luka 2. Yesu ana miaka 12, Yusufu na Mariamu wanatembea mwendo wa kutwa nzima kabla ya kugundua hayupo. Walidhani yuko msafarani na ndugu na jamaa. Mariamu hakuwa mzembe. Alikuwa na watu wa kuwaamini, na alipompata alimhoji vizuri. Uhuru wa mtoto unahitaji majirani: mama muuza vitumbua anayemjua kwa jina, mwalimu wa Shule ya Jumapili anayeuliza jana alikuwa wapi.

"Hakuna atakayeifanya kazi hii kama mimi."

Musa naye aliamua kesi za watu peke yake asubuhi hadi jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwambia atajichosha bure, yeye na watu wake (Kutoka 18).

"Uchovu wote unaisha kwa maombi."

Ombeni, ndiyo. Ila mama anayelala vizuri wiki nzima na bado anaamka hana nguvu, anahema akipanda mlima wa kutoka mwaloni, akapimwe damu na malaria. Anayelia bila sababu na hataki kuona watu naye amweleze daktari hivyo hivyo, asiseme tu kwamba kichwa kinauma.