"Dawa kila Jumatatu" na dhana nyingine zinazomgharimu mkulima mdogo wa maua

Wakulima wanaoanza kulima maua ya kukata Kinangop, Limuru na kwingineko nyanda za juu za Kenya huja wakiwa na ratiba ileile: bomba mgongoni kila Jumatatu, wadudu wawepo wasiwepo. Jirani ndiye aliyewafundisha, naye alifundishwa na muuza dawa. Hili ndilo linalohitaji kunyooshwa kwanza.

"Ukipiga dawa kila wiki, wadudu hawapati nafasi"

Wanaipata, tena kubwa. Chukua utitiri mwekundu kwenye waridi au kanesheni. Joto likikaribia nyuzi 30, yai hufikia kuwa utitiri mzima kwa muda wa siku 7 hadi 10 tu. Wachache wanaostahimili dawa hubaki, wanazaana wao kwa wao, na baada ya vizazi kadhaa umefuga utitiri sugu. Wakati huohuo dawa za jamii ya pairethroidi, kama lambda-cyhalothrin, humuua adui wake mkubwa, yaani utitiri mlaji aitwaye Phytoseiulus persimilis, ambaye wakulima hununua na kumwachilia shambani kwa kazi hiyohiyo. Masalia ya dawa hizo hukaa kwenye majani kwa wiki kadhaa. Ukimwachilia mlaji juu yake, umetupa pesa.

Thripsi, mdudu mwembamba mdogo sana anayefyonza majani na maua, naye ana ujanja wake. Mayai huyatia ndani ya jani lenyewe, na kabla ya kuota mabawa wengi hushuka udongoni. Dawa ya majani haiwafikii huko, wala haiwafikii waliojibana ndani ya tumba.

Mkulima akishaona dawa haifanyi kazi, husema ameibadilisha. Mara nyingi amebadilisha chupa tu. Soma maandishi madogo kwenye lebo: kama zote mbili zimeandikwa lambda-cyhalothrin, ni dawa ileile kwa majina mawili. Tazama au uliza nambari ya kundi, yaani inayoonyesha namna dawa inavyomuua mdudu: pairethroidi ni 3A, imidacloprid ni 4A, abamectin ni 6. Tumia kundi moja kwa kizazi kimoja cha mdudu, kisha hamia jingine. Na kile kizibo cha pili "cha kuongeza nguvu" kwenye bomba la lita 20, acha kabisa. Huunguza petali na kuharakisha usugu.

Hofu ya mkulima naielewa. KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, hukagua maua yanayokwenda nje, na wadudu hai wakionekana mzigo unaweza kuzuiwa. Lakini dawa ya hofu hiyo ni macho. Mara mbili kwa wiki, asubuhi, pita shambani kwa mwendo wa kupindapinda ukague mimea 20. Pindua majani ya chini na uyatazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Gonga ua juu ya karatasi nyeupe uhesabu thripsi wanaodondoka. Ning'iniza mitego ya gundi juu kidogo ya vilele vya mimea, ya buluu kwa thripsi, ya njano kwa inzi weupe na vidukari, na uipandishe mimea inaporefuka. Andika hesabu daftarini; idadi inayopanda ukaguzi hadi ukaguzi ndiyo inayokuita, si kalenda.

Ukikuta kiota cha utitiri, funga kitambaa hapo kiwe alama. Toa majani yaliyojaa, yatie kwenye mfuko wa plastiki, kisha piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani mapema asubuhi ili yakauke kabla ya jioni. Anza na mistari iliyo kando ya barabara ya vumbi, maana utitiri hustawi penye vumbi na ukavu. Ikibidi dawa, ipige hapo na mimea ya jirani tu, na pua ya bomba ielekee juu kutoka chini ya jani.

Mobydick, ule mmea wa matunda ya kijani yaliyovimba kama puto, mtaiona ina vidukari vya njano karibu kila msimu. Kabla ya kushika bomba, tafuta vidukari vilivyovimba na kugeuka rangi ya kahawia: hivyo vimeshatagiwa mayai na nyigu wadogo. Vikiwa vingi, subiri wiki moja. Acha mstari wa dania uchanue ukingoni, nyigu hao wapate chakula. Na vaeni glavu mnapoikata, utomvu wake ni hatari kwa macho.

"Basi nitatumia sabuni tu, haina madhara"

Sabuni huua inachokigusa, pamoja na watoto wa inzi wa maua na ladibagi wanaokula vidukari. Kijiko cha chai kimoja cha sabuni laini ya maji kwa lita moja kinatosha. Jaribu kwanza kwenye mimea michache, na usipige jua likiwa kali.

"Bila kivungulio (greenhouse) na waridi hakuna biashara"

Mobydick, agapanthasi, tuberozi na alizeti hukua nje. Anza na hayo.

"Samadi ikizidi, maua yanazidi"

Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Naitrojeni ikizidi, mashina hulegea na vidukari hufurahi. Mboji iliyoiva, ndoo moja ya lita 20 kwa meta 2 za mraba, yatosha.

"Ua likatwe likiwa limechanua"

Inategemea ua. Gladiola hukatwa matumba mawili ya chini yakianza kuonyesha rangi, tuberozi maua mawili matatu ya chini yakifunguka, alizeti petali zikianza kuinuka. Zinia ndiyo ya kusubiri ichanue: shika shina sentimita 20 chini ya ua ulitikise, likiyumba, bado. Kata alfajiri, tumbukiza papo hapo kwenye ndoo safi. Watu hutia sukari peke yake, nayo hulisha bakteria wanaoziba shina. Tia kijiko kimoja cha chakula cha Jik ya asilimia 3.5 kwa lita 10 za maji, na ubadilishe kila siku.