Kwa nini Little Moreton Hall limepinda na bado limesimama

Ukifika Little Moreton Hall kwa mara ya kwanza, macho hayaamini. Jumba liko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mji wa Congleton, na limezungukwa na handaki la maji lenye upana wa mita 10 hivi. Upande wa kusini, penye lango, una ghorofa tatu za mbao nyeusi na kuta nyeupe, na hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Madirisha yameinama, boriti zimelegea katikati, ghorofa ya juu imeikalia ya chini kama mzigo kichwani mwa mtoto. Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya mbao, na kila ninapoonyesha picha za jumba hili naulizwa litaanguka lini. Ukilijua jinsi lilivyoungwa, swali linageuka: limewezaje kusimama hivi kwa zaidi ya miaka 400?

Aliyewahi kuona nyumba ya miti ikijengwa, nguzo zikisimikwa, fito zikifungwa, udongo ukikandikwa, ameshaelewa nusu ya jambo. Hapa pia kinachobeba nyumba ni kiunzi, siyo ukuta. Kiunzi chenyewe ni cha mwaloni, na nafasi zilizobaki kati ya mbao zilijazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo, kisha zikapakwa chokaa. Tofauti ni kwamba nguzo hazikuchimbiwa ardhini. Zimekaa juu ya msingi wa mawe, mbali na unyevu, kwa sababu mwaloni unaovumilia karne nyingi hewani huoza haraka ukikaa kwenye udongo wenye maji.

Mafundi wa zama zile waliuchonga mwaloni ungali mbichi, maana ukishakauka huwa mgumu mno kwa patasi. Ncha ya boriti ilichongwa ulimi, ulimi ukaingizwa kwenye tundu la nguzo, na kigingi cha mbao kikapigwa kupitia vyote viwili. Mbao zilivyoendelea kukauka zilijikunja na kujibana kwenye vigingi vyake. Kwa hiyo sehemu ya mpindo unaouona leo ilianza nyumba ikiwa mpya kabisa, wenyewe wakiwa ndani.

Sehemu kubwa zaidi, hata hivyo, ina sababu nyingine, nayo iko juu.

Jumba halikujengwa kwa mkupuo mmoja. William Moreton alianza na ukumbi mkuu kati ya mwaka 1504 na 1508 hivi, na wazao wake wakaendelea kuongeza vyumba hadi karibu mwaka 1610. Hapakuwa na mchoro mmoja wa jumla. Upande wa kusini ulijengwa miaka ya 1560, na juu yake ikawekwa sebule ndefu yenye urefu wa mita 21 hivi, madirisha huku na huku. Sebule za namna hiyo zilikuwa fahari ya wenye mali: mvua ikinyesha, familia ilitembea humo na kucheza. Nyuma ya mbao za ukutani ilikutwa mipira ya tenisi ya karne ya 17, na kila nikiikumbuka nafurahi, kwa sababu majengo tunayoyapima kwa milimita yalikuwa nyumba za watu.

Lakini paa la sebule hiyo ni la mabamba mazito ya mawe, na dalili zote zinaonyesha kwamba ghorofa za chini hazikuandaliwa kubeba uzito huo. Zikafura kuelekea nje. Jengo la mawe lingepasuka. Hapa mwaloni ulipinda polepole, kila kiungo kikachukua sehemu yake ya mzigo na kusogea kidogo, hadi nyumba nzima ikapata namna mpya ya kukaa. Baadaye vyuma virefu viliingizwa ndani ya kiunzi ili kuizuia isiendelee.

Leo jumba liko mikononi mwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo na maeneo ya kihistoria, tangu mwaka 1938, nalo limeorodheshwa Daraja la I, daraja la juu kabisa la ulinzi, lenye takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote yanayolindwa Uingereza. Kubadilisha jengo la namna hii bila kibali, hata kwa ndani, ni kosa la jinai. Wengi hudhani sheria hulinda uzuri peke yake. Hapa inalinda hata kosa la wajenzi. Ukiinyoosha sakafu ya sebule ndefu, utakata ndimi, utavunja vigingi, na utafuta ushahidi wa jinsi familia hii ilivyotaka makuu kuliko nguzo zake zilivyoweza. Kwangu mimi huo ni uharibifu, hata ukifanywa kwa ustadi mkubwa.

Ushahidi mwingine uko kwenye madirisha ya uani ya mwaka 1559. Juu yake imechongwa kwamba William Moreton, mwingine wa jina hilo wa kizazi cha baadaye, ndiye aliyeyatengenezesha, na chini yake fundi naye ameacha jina: Richard Dale, seremala, aliyeyafanya kwa neema ya Mungu. Ni nadra sana kwa zama zile kumjua seremala kwa jina, na mimi huanzia hapo kila nikilieleza jumba hili.

Imebaki rangi. Weusi na weupe ule unaopendwa kwenye kadi za posta ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ukiachwa hugeuka kijivu chenye mng'ao wa fedha, na sura ya awali ilikuwa tulivu zaidi. Mwaka 1977 ilibainika kwamba mawe ya paa hayakuwa imara tena, ukarabati ukaanza kwa awamu, na palipohitajika mbao mpya ziliwekwa na kuachwa bila rangi. Nakubaliana na uamuzi huo kabisa. Weusi wa zamani ubaki, maana kuukwangua kungeondoa pia alama za zana za mafundi, na mbao mpya zionekane kuwa mpya, hadi mvua ya Cheshire izigeuze kijivu kwa wakati wake.