"Apumzike kwanza mfupa uunge, mazoezi baadaye": nani aliwaambia?

Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi, na neno hilo mwezi huu tu nimelisikia mara nne. "Dokta, tulimwambia atulie kwanza mfupa uunge, kwa fizio tutamleta akipona." Wa nne ni kijana wa bodaboda, paja lilivunjika akawekewa chuma ndani ya mfupa, ndo analetwa kwangu baada ya miezi mitatu. Picha naiangalia, mfupa unaunga vizuri kabisa, daktari wa upasuaji kazi yake kaifanya, ila goti linakunja nyuzi 30 tu linagoma. Nyuzi 30 jamani! Kutembea tu sehemu tambarare goti linataka 60 na kidogo, kukaa kwenye kiti au kupanda ngazi unazungumzia 90 huko, choo cha kuchuchumaa au kusujudu ndo usiseme, hapo ni zaidi ya 110. Huyu kaja kwa daladala mguu kaunyoosha njiani kama mwiko, kila abiria anayepita anamsonya.

Sasa tuelewane. Chuma kinawekwa ili mtu aamke. Bila chuma, aliyevunjika paja analazwa mguu unavutwa kwa mzigo, wiki 6, wengine mpaka 12, anageuzwa kitandani kama mtoto. Ile nondo inapita katikati ya mfupa inafungwa skrubu juu na chini, kwahiyo wewe kukunja goti hakuing'oi popote. Ukitulia kama mlivyomwambia, damu iliyovia kwenye msuli wa paja inageuka kovu, kovu linaugandisha msuli kwenye mfupa, mfuko unaozunguka goti nao unasinyaa, na paja lenyewe linanywea, wiki mbili tu ukilipima kwa futi ya fundi cherehani unaona limepungua. Mfupa wa paja unaweza kuchukua miezi 3 mpaka 6 kuunga, we ukisubiri uishe ndo uanze goti utakuta goti limeshafunga duka.

Tunaanza kesho yake baada ya thieta, ndiyo, na kidonda kibichi na dawa za maumivu. Unaburuza kisigino kitandani kuja kwenye makalio. Unakaza paja unagandamiza goti chini, hesabu mpaka 5, achia, mara 10, rudia kila saa ukiwa macho. Unyayo unauchezesha juu chini damu isigande. Basi, hakuna uchawi.

Alafu mto. Naombeni niongee kuhusu mto. Kila nikipita wodini asubuhi nautoa, nikirudi jioni ndugu wameshaurudisha chini ya goti, eti anasikia raha. Raha anasikia kweli, goti likikaa limekunjwa kidogo halimvuti, ila akizoea hivyo wiki kadhaa mguu hautanyooka tena na atachechemea hata mfupa ukiunga vizuri kiasi gani. Mkitaka kuinua mguu uvimbe upungue, mto ukae chini ya kisigino na kigimbi, goti liachwe hewani linyooke. Nimeshawahi kuandika kwa maka pen kwenye foronya MTO SI WA GOTI na bado nikaukuta huko huko.

Ila msinielewe vibaya, kukunja na kukanyaga ni vitu viwili. Daktari akiandika usikanyage basi usikanyage, mvunjiko ulioingia ndani ya goti ukafungwa bamba la chuma mara nyingi unakaa wiki 6 hadi 12 bila kuweka uzito, lakini goti unalikunja. Na kama umeshonwa kano kuna mipaka yake, uliza kabla hujaondoka wodini.

Mengine nayapitia haraka maana nachoka.

Eti ukisikia maumivu chuma kinaachia. Hapana, itauma, na maumivu ya mazoezi yanatulia baada ya muda. Ya kuogopa ni yale yanayoongezeka siku hadi siku, kidonda kinatoa usaha, homa, au kigimbi kimevimba kina moto, na kifua kikibana ghafla unahema juu juu usinitafute mimi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Eti fizio ni kuchuliwa mafuta. Kuna wanaoenda mtaani wakashikwa wawili watatu goti likakunjwa kwa nguvu mtu anapiga yowe, wanarudi goti limejaa damu, na msuli ulioumizwa hivyo unaweza kuota mfupa ndani yake. Unakuja na shida moja unaondoka na mbili.

Eti mashine ndo inatibu. Watu wanaulizia taa ya joto kabla hata hawajakaa. Joto linalegeza kidogo, sawa, lakini taa haijawahi kukunja goti la mtu, na kama ngozi ina ganzi itakuunguza bila wewe kujua.

Eti fizio ni ya waliovunjika tu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji naye anatakiwa kuvuta pumzi ndefu, kukohoa huku kashika mto tumboni (hapo mto ruksa), kuamka kwa kugeukia ubavu na kutembea mapema. Na maji ya moto ya kumkanda mwekeni mbali na mshono, bibi atanisamehe.

Yule kijana leo kikao cha nne, kafika nyuzi 45. Kalia, mama yake nje ya pazia naye kalia. Tukigota hapo itabidi arudi thieta afunguliwe yale makovu, gharama upya, kidonda upya, alafu mazoezi yale yale aliyoambiwa siku ya kwanza. Nimemuuliza mama kama nyumbani wanaweka mto, kaangalia chini.